Supu Aliyonawia Mama Kerubo

Wanangu, nawaandikia kwa Kiswahili nikijua wengi wenu mtanijibu kwa Kiingereza. Si neno. Atakayekwama amuulize mama yake, na mama akikwama naye, waje wote wawili kwangu Eagan, tutasoma pamoja na chai itakuwepo.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunakunja viti baada ya ibada, mmoja wenu aliniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikamwambia nilikuwa nabeba chakula kidogo sana kwenye sahani kubwa sana. Akacheka, akidhani natania. Lakini huo ndio ukweli wa miaka yangu ishirini na mmoja katika mkahawa mmoja wa Minneapolis, karibu na mto, ndani ya jengo la matofali lililokuwa ghala la nafaka zamani. Watu waliomba nafasi miezi miwili kabla. Wakaja wamevaa vizuri, wakakaa mezani saa tatu na nusu, wakala vitu kumi na vinne, kimoja kimoja, na vingi kati ya hivyo vingetosha kwenye kijiko cha chai. Bei sitaitaja, mama zenu wasije wakashika kichwa.

Msicheke haraka. Mimi nami nilicheka, kisha nikapenda.

Wiki yangu ya kwanza nilikuwa kwenye sinki. Sahani zikarudi zikiwa na mawe. Mawe kabisa, meusi, ya mviringo, yaliyookotwa kando ya lile ziwa kubwa la kaskazini. Nikajiuliza wageni hawa wamepewa nini hata wakaacha mawe. Nikayamwaga kwenye pipa la taka, meza sita nzima. Kumbe mawe ndiyo yaliyokuwa sahani! Na kulikuwa na kiazi kilichopakwa udongo wa kuliwa, kikafanana na jiwe, ambacho mgeni mmoja alikiacha akidhani ni pambo. Hicho, sasa nikidhani nacho ni sahani, nilikiosha kwa sabuni, nikakifuta, nikakipanga kabatini.

Nilitumwa kuyatafuta yale mawe ndani ya pipa. Aliyekuja kuinama pamoja nami, bila kuitwa, alikuwa Mzee Kabeya, Mkongo wa Lubumbashi, aliyeosha vyombo pale tangu mkahawa ulipofunguliwa. Alikuwa amevaa glavu mpaka kwenye viwiko, na alikuwa anacheka kimya kimya, mabega tu yakitikisika.

"Petit," akaniambia, yaani mdogo wangu, "hapa usitupe kitu, usioshe kitu, mbele ya kujua kama ni sahani ao ni chakula."

"Nitajuaje, mzee?"

"Unauliza. Kuuliza haiue mutu."

Andikeni hilo mahali. Mtafanya kazi hospitali, mtafanya kazi benki, mtafanya kazi mbele ya kompyuta, na kila mahali kutakuwa na jiwe ambalo ni sahani na jiwe ambalo ni kiazi.

Kabeya alinifundisha kusoma sahani. Tulisimama mimi na yeye kwenye mvuke wa sinki kama watu wawili ndani ya wingu, na kila sahani iliyorudi aliiinua kwenye taa kabla ya kuichovya, akinisomea. Huyu amepitisha kidole kwenye mchuzi, angalia njia yake. Huyo amefurahi na hakuna aliyemwona. Huyu amekificha chakula chini ya jani. Hakikumpendeza na ameona haya kusema. Wapenzi hawa wamegombana kabla ya chakula cha tano, maana kuanzia hapo sahani moja inarudi tupu na nyingine imejaa. "Muteja anaweza kudanganya na kinywa," Kabeya alisema. "Sahani haidanganyi, petit."

Nilisoma sahani miaka saba kabla hawajaniruhusu kuzipeleka.

Na kuzipeleka nako kuna elimu yake. Sahani hushikwa kwa chini, kidole gumba kikae pembeni kabisa, maana alama ya kidole kwenye sahani nyeupe inaonekana kama tope kwenye shuka. Usiulize "mmemaliza?" Angalia mikono yao, mikono iliyomaliza hulala. Usisimame mbali hata mgeni akutafute kwa macho, wala karibu hata apunguze sauti. Ukiona mtu anapunguza sauti, rudi nyuma hatua mbili. Lakini kubwa kuliko yote, pale kwetu, yalikuwa maelezo. Chakula kile hakikujieleza chenyewe. Kitu kilichoonekana kama yai kilikuwa maziwa, na kilichoonekana kama mkaa kilikuwa mkate. Mhudumu aliweka sahani zote, akasimama, akasema hiki ni nini na kinaliwaje, kwa sentensi tatu au nne, kabla mgeni hajagusa. Ukisahau maelezo umemwacha mgeni gizani.

Maelezo hayo niliyakariri kwenye treni. Wakati ule niliishi kwenye yale maghorofa ya Cedar-Riverside, na kila siku nilizungumza na dirisha: majina ya uyoga, majina ya miti, majina ya mizizi ambayo hata Wamarekani hawaijui. Bibi mmoja wa Kisomali aliyezoea kukaa mbele yangu aliniona midomo inacheza kila siku, na siku moja wakati wa kushuka akaniwekea tende mkononi, akasema Mungu atanijibu. Sikumsahihisha. Dua nilikuwa naihitaji pia.

Shefu wetu alikuwa mwanamke mrefu anayeitwa Ingrid. Hakuwahi kupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Aliniambia nitajaribiwa ukumbini mwezi mmoja. Nikikosea jambo la msingi, nitarudi kwenye sinki. Nilikuwa katika wiki ya tatu alipokuja Mama Kerubo.

Ilikuwa Juni, wakati ambapo jua la Minnesota linasahau kwenda kulala. Jioni ilikuwa imeingia kwa saa tu; mwanga ulikuwa bado unamwagika mezani kama asali. Waliketi watu watano. Mama mmoja wa Kiafrika wa miaka sitini hivi, kitambaa cha kichwa cha kijani, mgongo ulionyooka wa mtu anayejizuia asiegemee. Kijana wake, Brian, nesi, shati lake jipya lina mikunjo ya dukani bado. Msichana, Anna, ambaye Brian alikuwa anataka kumwoa. Na wazazi wa Anna, wakulima wa mahindi wa magharibi ya jimbo. Baba mtu alikuwa na mikono mikubwa iliyoungua jua na alikuwa amevaa miwani, akiisoma kadi ya vyakula kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayesoma hati ya shamba.

Nilileta bakuli za kwanza, tano, kwenye sinia. Nilipomfikia yule mama sikuweza kujizuia.

"Shikamoo, mama."

Uso wake wote ukafunguka. "Marahaba! Wewe ni Mtanzania. Kwetu Kisii nikisema ningoje shikamoo, nitazeeka nikingoja."

"Na umeshazeeka, Mum," Brian akamwambia.

"Nyamaza wewe. Mtu ananiamkia." Akanigeukia. "Habari ya nyumbani? Watoto? Wazee wako hai?"

Mnajua salamu zetu. Haziruki nyumba. Tulipita kwa watoto, tukapita kwa wazazi, tukapita kwa baridi ya mwaka ule, tukafika kwenye kazi yake ya kutunza wazee kule Roseville na mgongo unaomsumbua. Huku nikijibu, mikono yangu iliweka bakuli moja moja mbele ya kila mtu, kwa uzuri kabisa, vidole gumba pembeni. Kisha mama akapunguza sauti, na mimi badala ya kurudi nyuma hatua mbili nikainama.

"Mwanangu, hawa ndio wazazi wa msichana. Leo ndiyo mara ya kwanza tunakaa meza moja. Mahali kama hapa sijawahi kuingia, na miwani yangu nimeacha kwa gari. Uniangalie. Nisimwaibishe kijana mbele ya wakwe."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Niko hapa."

Nikaondoka moyo wangu umejaa. Miaka mingapi nilikuwa sijaulizwa habari za wazee wangu na mgeni mezani? Nilifika kwenye ukuta ambapo wahudumu tulisimama, nikageuka, na ndipo nikahisi kile anachohisi mtu aliyefunga mlango akaacha jiko linawaka. Nilikuwa sijatoa maelezo.

Bakuli ile ya kwanza ilikuwa supu. Supu ya uyoga na majani ya msonobari, iliyochujwa siku tatu mpaka ikawa nyeupe kama maji ya chemchemi. Ililetwa ya uvuguvugu, kwenye bakuli pana, jani moja likielea juu, bila kijiko, na pembeni yake kitambaa cheupe kilichoviringishwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: hii ni supu, ishike kwa mikono miwili, inuse, kisha unywe.

Sasa niambieni, wanangu. Mama aliyelelewa Kisii, amekaa mezani, hajala, analetewa bakuli la maji ya uvuguvugu na kitambaa. Atafanya nini?

Alivuta mikono ya gauni lake juu kidogo. Akatia vidole vya mkono wa kulia kwenye supu, kisha vya kushoto, akavisugua taratibu, kwa heshima, kama anavyonawa mtu kwenye nyumba ya watu.

Nilimwona Brian akipauka. Alikuwa anajua, Anna alikuwa amemweleza yaliyo kwenye kadi. Nilimwona mama yake Anna ameinua bakuli lake nusu, ameliacha hewani. Kisha baba yake Anna akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akamtazama Mama Kerubo. Akakunja mikono ya shati lake, mkono huu, mkono ule, akatumbukiza vidole vyake vinene ndani ya supu ya siku tatu, akanawa. Mkewe akamwangalia, akashusha bakuli, naye akanawa.

Nikasema moyoni, masikini, wanamfuata wakidhani ndivyo inavyofanywa.

"Mum, hiyo ni..." Brian alianza.

Sikumbuki nilivyofika mezani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshika vitambaa vikavu, na kwamba nilitumia sauti ileile ya maelezo, ya utulivu.

"Asanteni sana," nikasema kwa Kiingereza. "Tunakotoka mimi na mama, mlo hauanzi mpaka watu wanawe, na wakubwa ndio huanza. Vijana, zamu yenu inakuja. Supu italetwa baada ya hapo."

Niliondoa bakuli zote tano, nikaenda kuchukua jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, nikarudi, nikawamiminia Brian na Anna kama nilivyokuwa nawamiminia wajomba zangu nilipokuwa mdogo, jagi kulia, beseni kushoto, kitambaa begani. Brian alinyoosha mikono bila kuniangalia.

Kisha nikaenda jikoni kufa.

"Shefu, nahitaji bakuli tano za supu."

"Umepeleka tano."

"Zimerudi."

"Zimerudi kwa nini?"

"Mbili zimepoa. Tatu zimenawiwa."

Kutoka kwenye sinki nikasikia kitu kimeanguka. Alikuwa Kabeya, ameachia sufuria, ameegemea ukuta, mabega yanatikisika.

Shefu Ingrid alizitazama zile bakuli, na lile jani lililokuwa limebanwa ukingoni mwa mojawapo. "Ni nani aliyekosea?" akauliza. "Mgeni au wewe?"

Nitawaambia ukweli, nilitamani kusema mgeni. Lilikuwa jibu jepesi, na hakuna ambaye angelishangaa. Mama wa Kiafrika, mkahawa wa kifahari, nani angeuliza mara mbili? Lakini nilikuwa nimemwambia yule mama niko hapa.

"Mimi. Sikutoa maelezo."

Aliuchukua upawa mwenyewe. Supu ilipimwa kwa idadi ya wageni wa siku ile, haikuzidi. Alichota ile iliyowekwa kwa ajili yetu wafanyakazi kuonja. Akajaza bakuli tano bila kumwaga tone. "Jumatatu utarudi kwenye sinki," akasema. "Sasa nenda, kabla haijapoa."

Nikaenda. Nikasimama, nikatoa maelezo kwa Kiingereza, kisha nikayarudia kwa Kiswahili kwa mama, neno kwa neno. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akainusa, akanywa. "Hii ni tamu sana," akasema, na kutoka hapo mgongo wake ukaegemea kiti. Ilipokuja sahani ya tisa, yenye haragwe moja katikati kama mtu aliyepotea uwanjani, aliniita. "Na hii ni ya kula ama ni ya kupanda?" Brian akatafsiri huku akicheka, na baba yake Anna akapiga meza kwa kiganja mpaka glasi zikalia. Wakaanza kuzungumza habari za mbegu, mama wa Kisii na mkulima wa Minnesota, Brian akipeleka maneno huku na huku kama mimi na sahani zangu.

Jumatatu nilirudi kwenye sinki. Nilikaa huko wiki tano. Kabeya alinipokea kwa bakuli la maji ya uvuguvugu lenye jani juu, akaniuliza kwa sauti ya ukumbini, kama anayemhudumia bwana mkubwa, "Monsieur atanawa ao atakunywa?" Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyokuwa na vicheko vingi vile. Mwisho wa wiki ya tano Shefu alikuja mwenyewe kwenye mvuke wetu, akaniambia nimfundishe ule mwenendo wa jagi na beseni. Mwaka ule ule kila meza ikawa inanawishwa kwanza, kwa maji yenye harufu ya msonobari, na wageni wakapiga picha na kusema ni ubunifu mkubwa. Bibi yangu alikuwa anaufanya ubunifu huo kila siku, tena kwa beseni lenye tobo. Lakini sikukasirika. Nilijifunza hapo kwamba hata mahali panapojua kila kitu huwa panangoja mtu wa kupakosea.

Siku hizi wameacha jagi. Wana mtindo mwingine, nasikia maelezo yote mgeni anayasoma kwenye simu. Labda ni vizuri. Simu haisahau. Ila simu haitaulizwa habari za wazee wake.

Sasa kuna jambo nimewaficha mpaka hapa, kwa sababu siku ile nami lilinifikia mwisho.

Walipokuwa wanaondoka, nilimsindikiza Mama Kerubo mpaka mlangoni. Wengine walikuwa wametangulia kwenye maegesho. Jua lilikuwa bado jekundu juu ya mto. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia makosa yalikuwa yangu, kwamba alinikabidhi heshima yake nami nikaidondosha kabla hata hajaanza kula.

"Unafikiri sikujua?" akasema. "Nimepika supu tangu nikiwa na miaka saba. Vidole vilipoingia tu nilisikia mafuta, nikasikia harufu ya uyoga. Nikainua macho, nikaona uso wako pale kwa ukuta. Ulikuwa kama mtu ameona jeneza."

"Sasa kwa nini hukutoa mikono, mama?"

"Ningeitoa kwa haraka, wangejua wote kuna mtu amekosea, na wangetafuta ni nani. Mimi, ama wewe ambaye umeniamkia vizuri. Mkono ukishaingia, mwanangu, unanawa mpaka mwisho kama uliyekusudia."

Nikajaribu kucheka. "Bahati wale wakwe hawakujua. Walikufuata tu."

Mama Kerubo akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyesoma sana.

"Yule mzee alikuwa amesoma ile kadi yote na miwani," akasema. "Alijua ni supu kabla mimi sijajua. Aliniangalia kwa macho, mikono yangu ikiwa mle ndani, peke yangu. Halafu akakunja shati."

Nje, chini ya jua lile lisilotaka kuzama, baba yake Anna alikuwa amemfungulia mlango wa gari, amesimama anamngoja. Mama akaweka sawa kitambaa chake cha kijani, akaninong'oneza akianza kushuka ngazi:

"Brian amepata watu."